Barua ya kuacha kazi usiiandike kwanza: jibu kwa mfanyakazi wa loji

Swali: Shikamoo wakili. Nina miaka 27, nafanya kazi mapokezi katika loji moja upande wa Usa River, Arusha, mwaka wa pili huu. Meneja wangu alianza kunitumia meseji usiku za kunitaka. Nilipomkatalia waziwazi, mwezi uliopita alinihamishia dobi, na mgao wa tipu nikatolewa. Nikimuuliza ananiambia kama sipapendi nirudi kwetu Singida, hapa wana watu wao. Yeye ni shemeji wa mwenye loji. Mkataba wa maandishi sina. Wenzangu wananishauri niandike barua ya kuacha kazi niondoke na heshima yangu. Je, sheria inanilinda, au nijiondokee tu? Pia nina rafiki Moshi, ni mgumu, yaani mpagazi wa mizigo ya watalii, anapanda Mlima Kilimanjaro kwa kuitwa safari kwa safari. Naye kuna anayemtaka kimapenzi ndipo amwandike kwenye safari. Yeye ana haki gani wakati si mwajiriwa wa mtu?

Jibu: Marahaba, dada. Sheria inakulinda, lakini barua hiyo ya kuacha kazi usiiandike, walau mpaka umalize kusoma hapa.

Nakwambia hivyo kwa sababu naijua barua yenyewe itakavyokuwa. Itaandikwa kwa adabu: "Naomba kuacha kazi kwa sababu za kifamilia. Nashukuru kwa ushirikiano wenu." Miezi miwili baadaye, ukiamua kudai haki yako, karatasi hiyo ndiyo wakili wa mwajiri atakayoitoa kwanza mezani. Atasema uliondoka kwa hiari yako na ukashukuru juu yake. Hapo kazi ya kuthibitisha kwamba ulilazimika kuondoka itakuwa juu yako, na mwandishi wa ushahidi unaokupinga utakuwa wewe mwenyewe.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, iwe moja kwa moja au kwa mzunguko. Imeorodhesha misingi: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alipotoka, asili yake, maoni ya siasa, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, hadhi ya maisha. Kisha kifungu hichohicho kinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kumnyanyasa mfanyakazi kwa msingi wowote kati ya hiyo, au kwa mchanganyiko wake, nako ni ubaguzi na kumekatazwa. Anayekiuka anatenda kosa.

Neno "mchanganyiko" lishike vizuri. Wewe umeniandikia habari ya Singida kama kitu cha pembeni, kana kwamba ni kero ndogo ukilinganisha na zile meseji. Kwenye malalamiko yako isiwe pembeni. Meneja anakusumbua kwa kuwa wewe ni mwanamke, na anakutishia kwa mahali ulikotoka. Ni misingi miwili ya kifungu cha 7 inayofanya kazi pamoja, na yote miwili iandikwe.

Lazima pia niseme kifungu hiki kisichofanya, maana nakutana na watu wanaokitarajia kitibu kila kidonda cha ofisini. Bosi mkali anayefoka kuanzia asubuhi, anayemtukana dereva, mpishi na mhasibu sawasawa, huyo ni bosi mbaya, lakini kwa kifungu cha 7 peke yake hujampata. Inabidi uonyeshe unyanyasaji wake unatokana na mojawapo ya misingi ile. Kwako wewe hilo si gumu.

Na tena, hulazimiki kubeba mzigo wote wa ushahidi. Mfanyakazi akishaonyesha picha ya awali inayoelekeza kwenye ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri, naye ndiye wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukuwepo au kwamba alichofanya hakikutokana na misingi hiyo. Picha ya awali kwako ni tarehe. Tarehe fulani meseji ya mwisho, tarehe fulani ukakataa, tarehe fulani ratiba ya zamu ikabandikwa na jina lako likiwa dobi. Zikikaa kwenye karatasi moja kwa mfuatano, loji italazimika kueleza kwa nini mtu wa mapokezi, ambaye hakuwa na onyo wala malalamiko ya wageni, alipelekwa kufua mashuka muda huo hasa. Wanaweza kuwa na maelezo. Wayatoe.

Tukirudi kwenye kuondoka: siku ukifika mahali ambapo kweli huwezi tena, sheria ina mlango wake. Mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka mfanyakazi akaacha, kuacha huko kunahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi na mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja sababu zinazoweza kutosha, na ya kwanza kabisa ni unyanyasaji wa kijinsia, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi ya unyanyasaji huo. Ya pili ni mfanyakazi kutendewa isivyo haki, lakini hii ina sharti: awe ametumia kwanza njia zilizopo kazini za kupeleka malalamiko, isipokuwa kama ana sababu ya msingi ya kutozitumia. Sharti hilo limewekwa kwenye sababu ya pili. Kwenye unyanyasaji wa kijinsia halikuwekwa.

Hata hivyo nakushauri ulalamike kwa maandishi kabla ya kuondoka. Mwamuzi wa mgogoro naye ni mtu, na swali lake la kwanza karibu kila mara ni "Mwajiri alijua?" Mwenye loji akisema, "Mimi nipo mjini Njiro, mambo ya meneja na wafanyakazi sikuyajua," utamjibu nini kama hukuandika? Barua yako ndiyo inayomtoa kwenye kutojua. Baada ya hapo, akinyamaza, kunyamaza kwake ni kushindwa kukulinda.

Kwamba meneja ni shemeji yake kusikufunge mdomo. Barua mwandikie mwenye loji moja kwa moja, usiipitishe kwa meneja. Isiwe ndefu, na matusi yasiwemo. Kitu kama hiki: "Mimi ni mfanyakazi wako wa mapokezi tangu mwezi fulani. Kati ya tarehe hii na hii, meneja amekuwa akinitumia ujumbe wa kunitaka kimapenzi ambao sikuutaka. Tarehe fulani nilimwambia aache. Tarehe fulani alinihamishia dobi na kunitoa kwenye mgao wa tipu, bila kunipa sababu. Tarehe fulani aliniambia, mbele ya mtu fulani, nirudi kwetu Singida. Naomba ulichunguze jambo hili, nirudishwe kwenye kazi yangu, na nilindwe wakati uchunguzi ukiendelea." Weka sahihi na tarehe. Toa nakala mbili na uombe ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kuipokea, itume kwa WhatsApp au barua pepe kwa mwenyewe, ili ibaki alama kwamba imefika.

Halafu siku. Hapa ndipo haki za watu wengi zinapofia, kwa kalenda tu, hata meneja hajaguswa. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine yote, ukiwemo ubaguzi ukiwa bado kazini, ni ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Kwa hiyo siku zako zinakwenda tangu siku ile ya mwezi uliopita ulipohamishiwa dobi. Usijipe moyo kwamba kila meseji mpya inaanzisha hesabu upya. Hesabu kutoka tukio kubwa la mapema na hutajuta. Na ukingoja majibu ya mwenye loji, siku hazikungoji wewe: mpe wiki moja, kisha nenda. Ukichelewa, kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, lakini lazima utoe sababu nzuri, na "nilikuwa naogopa" bila kitu kingine cha kuishikiza huwa haitoshi.

CMA ipo Arusha na ipo Moshi. Kufungua mgogoro hulipii ada. Unajaza Fomu Namba 1, unampelekea mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipata. Kwenye aina ya mgogoro andika ubaguzi. Nalisema hili kwa sababu watu wengi huweka alama kwenye kuachishwa kazi kwa mazoea, hata kama bado wanakwenda kazini, na shauri linaanza likiwa limepinda. Sehemu ya pili ya fomu ni ya walioachishwa tu; wewe iache wazi. Unaweza kwenda na wakili, na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au na mwakilishi uliyemchagua mwenyewe. Watu wa hoteli na loji chama chao kwa kawaida ni CHODAWU. Kama kuna tawi kazini kwenu, jiunge leo, na kukuadhibu kwa sababu ya kujiunga ni kosa lingine tena. Ukihitaji mwanasheria na huna pesa, TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake) na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wana ofisi Arusha.

Kwanza mtakaa kwenye usuluhishi, ambao sheria imeupa siku 30. Yanayosemwa pale ni siri na hayatumiki baadaye kama ushahidi, kwa hiyo sema kwa uwazi. Lakini ukiletewa hati ya makubaliano, isome mpaka mstari wa mwisho. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba umepokea kiasi fulani na hudai tena chochote, na kiasi chenyewe ni mshahara wako wa mwezi huu pamoja na likizo, yaani pesa ambayo ilikuwa yako tangu mwanzo. Hulazimiki kusaini siku hiyo. Usuluhishi ukishindikana, shauri linaendelea kwenye uamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Kukosa mkataba wa maandishi kusikutie hofu. Kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na kama kwenye shauri atashindwa kuyaleta, yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti mnalobishania. Kwa hiyo akidai uliajiriwa tangu mwanzo kama "mfanyakazi wa kazi zote", wa dobi na mapokezi, atuonyeshe karatasi. Wewe kusanya vya kwako: meseji za M-Pesa za mshahara, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), picha za ratiba ya zamu, hata ile beji yenye jina lako na neno "Mapokezi".

Zile meseji za usiku usizifute, na usibadili simu kabla hujazihifadhi. Skrinishoti ni nzuri, lakini peke yake ni rahisi kupingwa, maana mahakama na Tume huangalia ujumbe umehifadhiwaje na kama unaaminika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeweka vigezo hivyo. Simu yenyewe yenye mazungumzo kamili, na majibu yako yakiwemo, ina nguvu kuliko picha kumi zilizokatwa. Ndiyo, hata yale majibu ya mwanzo uliyoandika kwa kucheka na emoji kwa sababu ulikuwa unamwogopa. Yaache yalivyo. Mwenye kuficha nusu ya mazungumzo hujiharibia nusu iliyobaki. Na tafadhali usizirushe kwenye magrupu ya kazini wala Instagram. Najua hasira inavyosukuma, lakini utajikuta unajibu mashtaka badala ya kuyafungua.

Zaidi ya CMA kuna njia mbili za jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inahusu mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira, cheo, haki au upendeleo. Hiyo ndiyo rushwa ya ngono, na haibagui kama ni ofisi ya serikali au loji ya mtu binafsi. Adhabu iliyowekwa sheria hiyo ilipotungwa mwaka 2007 ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Swali kwako: je, meneja amewahi kusema au kuandika kwamba ukikubali atakurudisha mapokezi? Kama ndiyo, piga 113 au nenda ofisi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Usijifanye umekubali ili umtegee peke yako; mitego ni kazi yao, na wakati mwingine mtego wa mtu binafsi unaharibu kesi nzima.

Kama hakuweka sharti bali anakusumbua tu, kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kinahusu kumsumbua mtu kingono kwa maneno au vitendo, na kimetaja wazi mtu mwenye mamlaka mahali pa kazi. Kifungo hakizidi miaka 5 na faini haizidi shilingi 200,000, au vyote, na mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia. Faini hiyo ni mgao wa tipu wa siku chache kwa baadhi ya loji zetu msimu wa wageni, na kwa maoni yangu Bunge lilipaswa kuwa limeirekebisha siku nyingi. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usiishie kaunta. Jua pia tofauti ya vipimo: kwenye jinai kosa lithibitishwe bila kuacha shaka, wakati CMA inapima nani maelezo yake yana uzito zaidi. Kesi ya polisi inaweza kuanguka na ya CMA ikasimama. Ndiyo maana sipendi watu waingoje moja iishe ndipo waanze nyingine. Siku 60 hazisimami kwa ajili ya upelelezi.

Umeniuliza la meneja tu, lakini kwa kuwa upo mapokezi nitaongeza la wageni. Mgeni aliyelipia chumba akikushika kiuno, na ukamwambia meneja akakujibu "mvumilie, anaondoka kesho", hapo loji imeshindwa kukulinda. Ile Kanuni ya Utendaji Bora niliyoitaja imesema kushindwa kumlinda mfanyakazi bila kutaja ni dhidi ya nani. Wenye hoteli wengi Arusha hawajalifikiria hili, na siku mtu atakapolifikisha mbele ya mwamuzi akiwa na ushahidi mzuri, watalifikiria.

Nimalizie na rafiki yako wa Moshi, ambaye kwa namna moja yupo pabaya kuliko wewe na kwa namna nyingine ana mlango ulio wazi zaidi. Kuitwa safari kwa safari hakumwondolei ulinzi wa kifungu cha 7, kwa sababu kifungu hicho, kinaposema mfanyakazi, kinamhesabu na mwombaji wa kazi, na taratibu za kuajiri zimo ndani ya yanayokatazwa. Anaposimama getini Machame au Marangu akisubiri jina lake liandikwe, ni mwombaji. Akishapanda, Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: kwamba anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa zake, kwamba anapewa vifaa, kwamba amemfanyia kazi mtu huyohuyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mgumu anapangiwa mzigo, kambi ya kulala na saa ya kuondoka. Kampuni zinazosema "hawa si wafanyakazi wetu" zina kazi ya kueleza.

Lakini kwake yeye ningeanza TAKUKURU kabla ya CMA. Kuambiwa "nikubalie ndipo nikuandike kwenye safari" ndicho kifungu cha 25 chenyewe, ngono kama sharti la ajira, na hakihitaji kwanza tubishane kama ana mkataba. Ajue ni nani hasa mwenye uamuzi wa kuandika majina, kiongozi wa safari au mtu wa ofisini, aandike tarehe na maneno yaliyotumika siku hiyohiyo, na kama kuna mwenzake mwingine aliyeambiwa vilevile waende pamoja. CMA akihitaji, afungue ya Moshi, kwa sababu mgogoro hufunguliwa pale ulipotokea, hata kama kampuni yenyewe ofisi yake ipo Arusha.